Kujifunza Fimbo ya Kijapani Ukiwa Mombasa na Mwalimu Akiwa Mbali

Anayetaka kujifunza karate au taekwondo mjini Mombasa hana haja kubwa ya makala haya, kwa sababu akiuliza watu wawili watatu mtaani ataelekezwa kwenye ukumbi ambamo mwalimu husimama mbele ya wanafunzi wake na kuwasahihisha kwa mkono. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya yule ambaye moyo wake umeangukia sanaa ya mapigano ambayo mwalimu wake hapatikani karibu. Mimi ilinipata kwa jodo, sanaa ya Kijapani ya kutumia fimbo dhidi ya upanga, ambayo niliitafutia mwalimu kuanzia Likoni hadi Mtwapa nisimpate. Nitaieleza njia kwa mfano wa jodo, kwa kuwa ndiyo ninayoijua, lakini mwenye kupenda sanaa nyingine ataona mwenyewe panapomhusu.

Kwa miezi mitano ya kwanza nilifanya wafanyavyo wengi: nilikusanya video, nikazitazama usiku, nikaziiga alfajiri, na nikaamini kwamba ninaendelea. Nilipompata mwalimu aliyekubali kunitazama, video moja ya dakika 2 ilimtosha kuona kwamba mkono wangu wa nyuma haukuwa ukifika mwisho wa fimbo, kwamba kisigino changu cha nyuma kiligeukia nje kila nilipopiga, na kwamba mapigo mawili nilikuwa nimeyashika kinyume, kushoto kwa kulia, kwa sababu nilimwiga mtu aliyenielekea kana kwamba ninajitazama kwenye kioo. Kuyang'oa makosa hayo kulinichukua muda mrefu kuliko ule niliotumia kuyapanda. Tangu hapo nashikilia jambo moja, na mengine yote katika mwongozo huu yanatokana nalo: mwanafunzi wa mbali hufundishwa na video anazozituma kuliko zile anazozitazama. Kazi yake ya kwanza ni kujifunza kuonekana.

Yanayofika kwa mbali na yasiyofika

Jodo inayofundishwa na watu wengi zaidi duniani ni ile iliyopangwa na Shirikisho la Kendo (sanaa ya upanga) la Japani mwaka 1968, kutokana na mafundisho ya zamani ya shule iitwayo Shinto Muso-ryu. Ina mapigo ya msingi 12 na kata 12, yaani mifuatano ya mapigo iliyokwisha kupangwa. Mapigo ya msingi hufanywa kwa namna mbili: tandoku, yaani mtu peke yake akipiga hewa, na sotai, yaani watu wawili wakikabiliana. Kata zote 12 ni za watu wawili, mmoja akiwa na fimbo iitwayo jo na mwingine akiwa na upanga wa mbao.

Kwa hiyo mpaka wa masomo ya mbali umo ndani ya mtaala wenyewe, wala hauhitaji kubuniwa. Tandoku inaweza kufundishwa kwa mbali na ikafundishika vizuri: jinsi ya kusimama, mshiko wa mikono, njia ambayo ncha ya fimbo hupita, mahali inapokoma, namna nyonga inavyotangulia bega. Kata unaweza kuijua kwa umbo lake, ukakumbuka nani anaanza na nani anafuata, lakini umbali kati yako na adui, wakati hasa wa kupiga, na ule mshtuko wa kuona upanga ukishuka kuelekea kichwani mwako haviwezi kupita kwenye waya wala hewani. Mtu anayefanya tandoku kwa miaka mitatu bila kugusana na mtu hajui kupigana, na ni wajibu wake kulijua hilo waziwazi, hasa akiishi katika mji ambao kujihami kunaweza kuhitajika kweli usiku mmoja.

Wapo wanaojifunza peke yao ambao hujitetea kwa kisa cha mwasisi wa Shinto Muso-ryu, Muso Gonnosuke, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 17. Masimulizi yanasema kwamba alishindwa na Miyamoto Musashi, bingwa mashuhuri wa upanga, akajitenga katika mlima wa Homan huko Kyushu, na akashuka na mbinu za fimbo alizozivumbua peke yake. Wanaokitaja kisa hiki husahau kwamba Gonnosuke alipanda mlimani akiwa tayari amebobea katika upanga chini ya walimu. Upweke wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufundishwa na anayejua anachokitafuta, ambao ni tofauti kabisa na upweke wa anayeanza.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni kirumbizi cha Lamu. Wachezaji wawili hukabiliana kwa fimbo katikati ya duara, ngoma na zumari zikilia, na mtoto hukua akiwa amesimama ukingoni akitazama. Ukitazama juujuu utasema amejifunza kwa macho yake. Lakini siku anapoingia duarani yeye ndiye anayetazamwa, na wazee waliomzunguka wanaona kila kosa na kumwambia palepale. Video imetupatia ukingo wa duara bila gharama. Lililobaki ni kuyatafuta macho ya wazee.

Kumtafuta mwalimu

Anza na mashirikisho ya kitaifa ya kendo, kwa kuwa katika nchi nyingi ndiyo yanayosimamia jodo pamoja na iaido, sanaa ya kuchomoa upanga, na mara nyingi huorodhesha vyama vyao vya mitaani pamoja na anwani za kuwasiliana. Andika barua fupi. Eleza umri wako, mahali ulipo, sanaa uliyowahi kufanya kama ipo, majeraha uliyo nayo, siku ngapi kwa wiki unaweza kufanya mazoezi, na kwamba huna mwalimu karibu. Kisha uliza maswali matatu: kama anapokea mwanafunzi wa mbali, ni mara ngapi kwa mwezi anaweza kutazama video zako, na ni lini na wapi unaweza kukutana naye ana kwa ana hata kama ni baada ya miaka miwili. Usitume video kabla ya kuruhusiwa. Mimi nilikataliwa na wawili kabla ya kukubaliwa, na sababu walizonipa zilikuwa za haki: hawakutaka kufundisha kitu ambacho hawangeweza kukishika kwa mkono.

Mwalimu anayesita ni dalili njema. Wa kuogopwa ni yule asiyesita, anayeuza mikanda na vyeti kwa malipo ya mwezi na kuahidi daraja la juu kwa tarehe maalumu. Katika jodo ya shirikisho daraja hutolewa mbele ya jopo la watahini, na mtahiniwa husimama akiwa na mwenzake mwenye upanga wa mbao. Anayeahidi kukupa daraja kwa video za tandoku peke yake anakuuzia karatasi.

Ukishampata mmoja, baki naye. Jodo ya shirikisho na Shinto Muso-ryu ya kale zinafanana kwa jicho la mgeni, lakini zinatofautiana katika mambo madogo ambayo ndiyo utakayosahihishwa kila wiki, kama vile urefu wa hatua na mahali fimbo inapokoma. Mwanafunzi anayechanganya walimu watatu wa mtandaoni humlazimisha kila mmoja kupoteza muda akisahihisha mafundisho ya mwenzake.

Kama mwalimu wako yuko Japani, kuna fadhila moja ambayo msemaji wa Kiswahili anaipata bila kuitafuta. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, na hesabu yetu ya saa inayoanza alfajiri inapishana na saa ya kizungu kwa saa 6 vilevile. Kwa hiyo tunaposema ni saa 1 asubuhi Mombasa, saa ya ukutani kule inaonyesha 1, ila kwao ni mchana. Nambari ni ileile siku zote, na Japani haibadilishi saa zake kwa majira. Mwalimu akiwa Ulaya, hesabu inakuwa tofauti na hubadilika mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba, na wengi wetu hukosa somo katika wiki hizo mbili.

Fimbo na mahali pa kuizungushia

Jo ya kawaida ina urefu wa sentimita 128 na unene wa sentimita 2.4, nayo hutengenezwa kwa mwaloni mweupe wa Kijapani. Kuagiza moja kutoka nje kunawezekana, lakini gharama ya kusafirisha kitu kirefu hivyo inaweza kuzidi bei ya fimbo yenyewe. Njia rahisi ni kumpelekea seremala mwenye kerezo vipimo hivyo viwili vikiwa vimeandikwa, na kumwomba akuchagulie mbao ngumu, kavu, isiyo na vifundo, ambayo nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka mwisho hadi mwisho. Nyuzi zinazokatiza upande ndizo mahali fimbo itakapovunjika. Usichukue fito la mkoko, kwa sababu halinyooki wala halina unene ulio sawa, na mikoko yenyewe haikatwi ovyo bila kibali. Mpini wa jembe unapungua unene upande mmoja, kwa hiyo mikono yako itazoea uzito usio sahihi. Mwanzi ni mwepesi mno na ukipasuka hukata.

Mwambie fundi asiipake vanishi. Kwa joto letu viganja hutoka jasho katika dakika ya tano, na fimbo yenye vanishi hugeuka kama samaki mkononi. Msasa laini na mafuta kidogo ya mbao yanatosha. Kila kabla ya mazoezi pitisha kitambaa cha pamba kutoka ncha hadi ncha, na kikikwama mahali ujue pana kibanzi au ufa unaoanza. Fimbo usiiegemeze ukutani, hasa ukiishi katika nyumba za zamani za mawe ya matumbawe ambazo kuta zake hushika unyevu, kwa sababu baada ya wiki chache itapinda. Ilaze.

Ndani ya nyumba hapafai. Mtu wa kimo cha kawaida anapoinua jo juu ya kichwa, ncha yake hupita mita 2.5 bila taabu, na katika nyumba zetu karibu kila chumba kina feni ya dari. Mahali pazuri kuliko pote nilipopata ni juu ya nyumba ya ghorofa yenye paa la zege, baada ya kuwaomba ruhusa mwenye nyumba na majirani wanaoanika nguo. Unahitaji nafasi ya mita 3 kwa 5 iliyo wazi, mbali na ukingo na waya za umeme. Wakati wa masika sakafu ya juu hushika ukoga na huteleza, na kusi linapovuma kwa nguvu fimbo husukumwa nje ya njia yake kiasi cha kumchanganya anayeanza.

Ufuo wa Nyali au Bamburi unavutia, nami naupenda, lakini utumie kwa kujua. Mchanga mgumu unaofaa kusimama hupatikana maji yakipwa tu, na kupwa huchelewa kwa takribani dakika 50 kila siku, kwa hiyo alfajiri inayokufaa wiki hii haitakufaa wiki ijayo. Zaidi ya hayo, mchanga husamehe makosa ya miguu: kisigino kinachogeuka huzama kidogo na kutulia, ilhali kwenye zege kingekufanya uyumbe na kugundua. Fanyia ufuoni mazoezi ya pumzi na ya nguvu, na mazoezi ya hatua uyafanyie sakafuni.

Barabarani ifunge fimbo ndani ya kikoi au mfuko wa kitambaa, iwe ni kwenye matatu au kivukoni Likoni. Askari akiuliza, mweleze kwa utulivu kwamba ni fimbo ya mazoezi, umwonyeshe. Fimbo iliyo wazi mkononi mwa kijana anayetembea haraka wakati wa magharibi huwatia watu hofu, na hofu yao ina sababu.

Kujifunza kuonekana

Sasa tumefika kwenye kiini, nami nitakaa hapa kwa muda.

Weka simu kwenye stendi, au kwenye kiti juu ya matofali ukikosa stendi, kamera yake ikiwa sawa na kimo cha nyonga na umbali wa mita 4 hadi 5. Ukiiweka chini kabisa miguu yako itaonekana mirefu na mgongo utaonekana umeegemea nyuma, na ukiiweka juu, magoti yatafichika. Ilaze simu kwa mapana. Kabla ya kuanza, simama katikati, nyoosha fimbo pande zote nne, kisha uhakikishe kwamba ncha zake hazitoki nje ya picha, kwa sababu ncha ndiyo inayomwambia mwalimu kilichotokea kwenye viganja.

Tumia kamera ya nyuma ya simu. Kamera ya upande wa uso mara nyingi hugeuza picha kama kioo, na mwalimu atakusahihisha mkono ambao hukuukosea. Kwa sababu hiyohiyo, unapomtazama mwalimu katika video zake chagua zile alizorekodiwa kwa nyuma, ili kulia kwake kuwe kulia kwako. Kama simu inaruhusu, rekodi picha 60 kwa sekunde badala ya 30, kwa kuwa fimbo iendayo kasi huwa ukungu mtupu kwenye picha chache. Mwanga uwe mwingi na utoke nyuma ya kamera. Vaa nguo ya rangi inayotofautiana na ukuta ulio nyuma yako: kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa haionyeshi chochote. Shati lililopwaya huficha mabega, basi litie ndani ya kiuno.

Chora sakafuni kwa chokaa mstari mmoja ulionyooka unaoelekea kamera na mwingine unaoukata katikati. Mistari hii miwili ndiyo iliyonifaa kuliko kifaa chochote nilichonunua. Mwalimu akitazama anaona mara moja kama mguu wa nyuma umetoka njiani, kama hatua ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto, na kama baada ya mapigo kumi umehama mahali ulipoanzia. Nawe ukijitazama utaona hivyo hivyo, na nusu ya maswali yako utajijibu mwenyewe.

Kila pigo lirekodiwe kutoka mbele, kutoka ubavuni, na kutoka pembe iliyo kati ya hizo mbili. Fanya marudio matatu kulia na matatu kushoto, kwa kasi yako ya kawaida, kisha usimamishe. Tuma marudio yote kama yalivyo. Kishawishi cha kurekodi mara ishirini na kutuma ile iliyotoka vizuri ni kikubwa, nami niliwahi kukitii kwa wiki kadhaa, hadi mwalimu aliponiuliza kwa nini mazoezi yangu ya somo la moja kwa moja hayafanani na video zangu. Ukimwonyesha lililo bora peke yake, unamnyima ugonjwa ambao ulimwendea akutibu.

Kwa kila video andika swali moja tu. Usiandike "naomba maoni yako", kwa kuwa mwalimu mwenye wanafunzi kumi atakupa maoni ya jumla. Andika, kwa mfano: "Katika pigo la hikiotoshi uchi nahisi bega la kulia linapanda kabla ya nyonga kugeuka, je, ndivyo unavyoona?" Swali la namna hiyo humwelekeza mahali pa kutazama na pia humwonyesha unachokihisi, jambo ambalo kamera haiwezi kulibeba.

Video ya dakika moja yenye ubora mzuri inaweza kuzidi megabaiti 100, na programu nyingi za kutumiana ujumbe huibana hadi fimbo ipotee. Itume kama faili au kwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni, na upange kutuma wakati ambapo bando lako ni nafuu. Kuhusu masomo ya moja kwa moja, yatumie kwa maswali, kwa kukaguliwa mkao, na kwa kupata heshima ya kuonana. Picha huchelewa kidogo njiani, basi kupiga pamoja kwa hesabu ya mwalimu hakuwezekani, na haifai kulazimisha.

Mazoezi ya kila wiki

Dakika 40 kwa siku nne za wiki zinatosha katika mwaka wa kwanza. Kwa hali ya hewa yetu nyakati nzuri ni mara baada ya swala ya alfajiri au baada ya saa 10 jioni, na katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, alfajiri ndiyo pekee ninayoishauri. Weka maji karibu na unywe kabla ya kiu.

Usikimbilie mapigo yote 12. La kwanza, honte uchi, lilinichukua miezi miwili chini ya macho ya mwalimu, na sikuona kwamba ni muda mwingi. Piga mara 20 kulia na 20 kushoto, ukipumzika kila baada ya 10, na ukihisi umbo limeanza kuharibika usimame hata kama hesabu haijatimia, kwa sababu mwili hauchagui: hukariri pigo baya kwa uaminifu uleule unaokariri zuri. Shughulikia sahihisho moja kwa wiki mbili kabla ya kuongeza jingine. Nunua daftari, na kila sahihisho liandike mara mbili: kwanza kwa maneno ya mwalimu kama alivyoyasema, kisha kwa maneno yako ya Kiswahili. Mwalimu wangu aliniambia niache mkono wa kushoto "ufe" mwishoni mwa pigo fulani. Sikumwelewa mpaka nilipoandika "uulegeze kama unayeacha kamba ya ndoo iende kisimani".

Jirani yangu mmoja, mzee ambaye hupanda juu kunyweshea miche yake, alinitazama asubuhi nyingi bila kusema neno. Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, huyo unayempiga ni mrefu au mfupi?" Nikamjibu, "Mzee, sijamfikiria." Akaniambia, "Basi ndiyo maana fimbo yako haijui mahali pa kukoma." Alikuwa amesema kweli. Mapigo yangu yalikoma mara kifuani mara usoni, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Siku hiyohiyo nilifunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye kamba ya nguo, sawa na kimo cha kichwa changu, na kingine sawa na mahali mbavu zinapokutana chini ya kifua, pale ambapo Wajapani hupaita suigetsu. Tangu hapo kila pigo lina anwani. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza, lakini usikipige kitambaa. Komesha ncha mbele yake kwa upana wa kiganja.

Uchovu wa misuli ya mabega na mikono ni wa kawaida na huisha baada ya siku chache. Maumivu ya kiungo, hasa upande wa kidole kidogo cha kifundo cha mkono au nje ya kiwiko, ni jambo jingine: acha mapigo yanayoyaamsha, mwandikie mwalimu, na kama hayajaisha baada ya wiki moja au vidole vinakufa ganzi, nenda ukamwone daktari. Mwanafunzi mwenye mwalimu karibu husimamishwa na mwalimu. Wewe itakubidi ujisimamishe.

Mtu wa pili, na safari

Mapema katika mwaka wa kwanza, jiunge na darasa la sanaa yoyote ya kukabiliana inayopatikana mjini, iwe judo, karate au mieleka, hata kama siyo uliyoipenda. Mwambie mwalimu wa hapo ukweli kuhusu fimbo yako, na umheshimu kama mwalimu kamili. Utakachokipata kwake ni kuzoea mwili wa mtu mwingine ukikujia, kuanguka bila kuumia, na kujua kwamba hatua moja ya nyuma ni kubwa au ndogo kiasi gani mtu anapokusogelea. Nilipoanza hivyo mwalimu wangu wa mbali aliona mabadiliko katika tandoku yangu kabla sijamwambia.

Ukimpata ndugu au rafiki wa kujifunza naye jodo, msianze kata wenyewe. Katika jodo mwenye upanga huwa ndiye mwandamizi, anayemwongoza mwenye fimbo kwa kasi na umbali anaochagua, na wanaoanza wawili hawana mwandamizi kati yao. Fanyeni sotai ya mapigo aliyoyaruhusu mwalimu peke yake, kwa mwendo wa polepole, bila kuchoma kuelekea uso, miwani ikiwa imevuliwa au imefungwa vizuri, na mmoja akisema "basi" wote wawili wasimame mara moja.

Tenga akiba ya safari tangu mwezi wa kwanza, hata kama ni kidogo. Semina ya siku tatu au nne nje ya nchi, ukiwa umekwisha kufanya tandoku ya mwaka mzima chini ya macho ya mwalimu, itakufaa kuliko mwezi mzima ukienda ukiwa mtupu. Uliza shirika la ndege kuhusu kifurushi cha urefu wa fimbo yako kabla ya kununua tiketi, au uulize wenyeji kama watakuazima fimbo, kwa kuwa kwa kawaida huwa nazo. Ukifika, usionyeshe unayoyajua. Omba kusahihishwa mapigo uliyokwisha kuyafanya, siyo kufundishwa mapya, kwa sababu mapya unaweza kuyapata ukiwa nyumbani, lakini mkono wa mwalimu juu ya bega lako hautakufuata uwanja wa ndege.

Ukirudi Mombasa, kabla siku mbili hazijapita na kabla ya kufungua mizigo yote, panda juu, chora upya mistari ya chokaa, weka simu palepale pa siku zote, urekodi mapigo yote uliyosahihishwa, kulia na kushoto, kutoka pande tatu. Mwili bado unakumbuka mkono uliougusa. Video hizo zihifadhi mahali salama na uziandike tarehe, kwa kuwa ndizo utakazojipima nazo hadi safari nyingine, na nakala yake mtumie mwalimu pamoja na swali moja.